Zilzala kwa Nchi Tajiri na kwa Nchi Masikini: Wazanzibari Tuchague Njia Ipi?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na mtikisiko wake ukafika mpaka Unguja. Halikuleta maafa, na baada ya siku chache watu wakarudi kwenye mazungumzo mengine. Hata hivyo, kwa anayejenga nyumba, anayesimamia skuli au anayekaa kwenye kamati ya maafa ya shehia, tukio lile linaacha suala la kuchagua. Zipo nchi zilizopigwa na zilzala kubwa zikazika watu mia chache, na zipo zilizopigwa na iliyo ndogo zaidi zikazika watu kwa malaki, wala si kila mara aliyezika wachache ndiye aliyekuwa na fedha nyingi kuliko wenzake. Hapa nchi hizo zinawekwa pamoja ili tuone kipi hununuliwa kwa utajiri, kipi hupatikana kwa usimamizi tu, na kipi kati ya hivyo visiwa vyetu vinaweza kukimudu.

Haiti na Chile, ndani ya wiki saba

Ukitaka mfano mmoja tu, chukua huu. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, karibu na mji wa Léogâne, kiasi cha kilomita 25 magharibi ya mji mkuu wa Port-au-Prince. Tarehe 27 Februari ya mwaka huohuo, Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, ambalo kwa hesabu ya nishati lilikuwa na nguvu ya takriban mara 500 ya lile la Haiti. Chile ilipoteza watu mia tano na ushei, kiasi cha theluthi moja yao wakiwa wamechukuliwa na mawimbi ya tsunami. Haiti ilipoteza watu ambao makadirio yao yanaanzia kama laki moja na kupanda hadi zaidi ya laki tatu, na upana huo wa makadirio wenyewe ni dalili ya umasikini, kwa sababu serikali isiyo na daftari la kuaminika la walio hai hailipati la waliokufa.

Tusikimbilie kusema kwamba tofauti yote ni fedha. Zilzala ya Haiti ilitokea karibu na mji wenye msongamano mkubwa na katika kina cha kilomita 13 tu, ambapo ile ya Chile ilianzia baharini, mbali na Santiago. Lakini hata ukiupunguza umbali huo kwenye hesabu, bado linabaki pengo ambalo umbali hauwezi kulijaza. Chile iliumizwa vibaya huko Chillán mwaka 1939, na kuanzia hapo ikawa inakaza kanuni zake za ujenzi. Mwaka 1960 ilikutana na tetemeko la Valdivia la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo duniani, na kanuni zikakazwa tena. Kila kizazi cha Chile kimeshuhudia zilzala yake, kwa hivyo hakuna mwananchi wa huko anayehitaji kushawishiwa kwamba nondo si mapambo. Port-au-Prince kwa upande wake ilikuwa imebomolewa mara ya mwisho mwaka 1770, na kufikia 2010 khofu hiyo ilikuwa imekwisha kwa vizazi vingi. Sisi wa Unguja na Pemba, kwa upande huu wa kumbukumbu, tuko karibu zaidi na Haiti kuliko Chile, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo anayechagua anapaswa kulikubali.

Jambo la pili ni dhima. Sheria ya Chile inambana mmiliki wa kwanza aliyelijenga na kuliuza jengo kwa muda wa miaka 10 kuhusu kasoro za muundo wake. Katika mji wa Concepción jengo la makaazi la ghorofa 15 lililoitwa Alto Río, ambalo lilikuwa jipya, lilipinduka na kuua watu wanane, na waliohusika wakafikishwa mahakamani. Kuanguka kwa jengo moja jipya kulikuwa fedheha ya nchi nzima. Huko Haiti ilianguka ikulu, yakaanguka makao makuu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa na karibu majengo yote ya wizara, na hapakuwa na wa kuulizwa, kwa sababu hapakuwa na kanuni ya zilzala iliyokuwa ikisimamiwa.

Inafaa kuitazama tofauti hii kwa karibu, katika kitu kidogo ambacho kila fundi wa Zanzibar anakijua: ringi za nguzo, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka na kuzifunga nondo za wima. Nguzo iliyosukwa vizuri huwa na ringi zilizokaribiana, hasa kwenye kichwa na kwenye mguu wake, na ncha za kila ringi hukunjwa zikaingia ndani kabisa ya moyo wa zege badala ya kuishia ukingoni kwa pembe mraba. Zilzala inapoipiga nguzo, gamba la nje la zege hupasuka na kudondoka. Ringi ambayo ncha zake zimeishia ukingoni hufunguka wakati huo, nondo za wima hupinda kuelekea nje, na ghorofa ya juu hushuka ikalala juu ya ile ya chini. Ringi iliyokunjwa kuingia ndani hubaki imefungwa. Nguzo huharibika, lakini watu wanapata nafasi ya kutoka wakiwa hai. Gharama ya tofauti hiyo ni sentimita chache za chuma na subira ya fundi. Wahandisi waliokagua vifusi vya Haiti walikuta nguzo nyembamba, ringi chache zilizoachana, nondo laini zisizo na mikwaruzo ya kushikana na zege, na matofali yaliyopigwa kwa saruji ya kuonja.

Mtu akipita Fuoni, Tomondo au Mwanakwerekwe leo ataona nondo zimeachwa zimesimama juu ya paa la chini zikisubiri ghorofa ya pili, pengine kwa miaka, huku upepo wa bahari ukizila kutu. Ataona pia nyumba ambayo chini imefunguliwa maduka yenye milango mipana na juu yamejengwa makaazi ya kuta nzito, umbo ambalo zilzala hulipenda kuliko mengine, kwa kuwa sehemu ya chini ndiyo dhaifu na ndiyo iliyobebeshwa mzigo wote. Mchanga wenye chumvi ukiingia kwenye zege unaifanya kutu ianze ndani, pasipoonekana. Hakuna hata moja kati ya haya linalotokana na kukosa fedha peke yake. Mwenye duka lile ametumia fedha nyingi kwenye marumaru na madirisha ya alumini.

Kisiwa na mlango wake mmoja

Hapa ulinganisho unatuhusu kuliko pengine popote. Bandari ya Port-au-Prince ilijengwa kwa sehemu juu ya ardhi ya kufukia, na ardhi hiyo ilipotikiswa ililegea, gati zikazama na kreni kubwa ikaegemea majini. Uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja ya kurukia na mnara wake wa kuongozea ndege ukapata madhara. Misaada ilikuwepo angani na baharini kwa wingi, lakini mlango wa kuiingiza ulikuwa umeziba, na katika siku zile za mwanzo, ambazo ndizo za kuwatoa watu chini ya vifusi, kilichookoa wengi kilikuwa mikono ya majirani. Chile ina pwani ndefu yenye bandari nyingi na barabara kuu zinazopita kaskazini na kusini. Ilipoomba msaada wa nje iliomba vitu maalumu tu, kama hospitali za mahema, majenereta na simu za setilaiti.

Sasa tuiweke Zanzibar katika jedwali hilo. Unguja inategemea Bandari ya Malindi na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Pemba inategemea zaidi Mkoani na uwanja wa Chake Chake. Eneo la Darajani, ambalo leo lina soko na msongamano wa magari, lilikuwa mkono wa bahari uliofukiwa katika karne iliyopita. Huko Christchurch, New Zealand, tarehe 22 Februari 2011, tetemeko la kiasi cha 6.3 liligeuza udongo wa mitaa ya mashariki ukawa kama uji, nyumba zikazama upande mmoja na mabomba ya majitaka yakaelea juu. Nchi tajiri ilikuwa na uwezo wa kuzinunua nyumba hizo, zipatazo 8,000, na kuwahamisha wenyewe. Nchi masikini haina uwezo huo, kwa hivyo njia yake rahisi ni kuangalia udongo kabla ya msingi. Anayejenga kwenye jiwe la matumbawe la upande wa mashariki ya Unguja na anayejenga juu ya kifusi cha pwani hawajengi kitu kimoja, hata kama ramani yao ya nyumba ni ileile.

Kwa kisiwa, basi, akiba ya siku za mwanzo ina thamani kubwa kuliko ahadi za wafadhili. Mtu akiniuliza fedha kidogo ya maafa ya shehia iende kwenye nini, nitasema iende kwenye mitaimbo, koleo, jeki za kunyanyulia zege, machela na mafunzo ya vijana, kabla ya kwenda kwenye mabango.

Utajiri usioleta usalama

Uturuki inavuruga hesabu ya wanaodhani kwamba kipato cha nchi kinatosha kutabiri matokeo. Si nchi masikini. Ina viwanda, wahandisi na kanuni za ujenzi ambazo zilipitiwa upya mwaka 2018 na kusifiwa. Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilitoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka taratibu, ambapo mwenye jengo alilipa ada na kupewa hati bila ya jengo lake kuimarishwa. Tarehe 6 Februari 2023 zikaja zilzala mbili kwa siku moja, ya 7.8 na ya 7.5, na upande wa Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 53,000. Msamaha ule haukuwa sababu pekee, lakini unaonyesha waziwazi kwamba kanuni nzuri na mhuri unaouzwa vinaweza kukaa katika ofisi moja.

Japani ni mfano wa upande mwingine, ingawa nayo haikukamilika. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu 6,434, na walioumia zaidi walikuwa wakaazi wa nyumba kongwe za mbao zilizojengwa kabla ya kanuni mpya za mwaka 1981. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la 9.0 lilipoitikisa kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, treni za mwendo kasi zilisimamishwa na mitambo ya tahadhari bila ya abiria hata mmoja kufa ndani yake, na maghorofa ya Tokyo yaliyumba yakabaki yamesimama. Waliokufa takriban 16,000 waliuliwa zaidi na bahari kuliko na majengo. Mitambo ile ni ya thamani kubwa mno, na ningeiondoa mapema kwenye orodha ya vitu vya kuiga, si kwa sababu haifai bali kwa sababu inahitaji matengenezo ya kila siku ambayo hata taa za barabarani kwetu hazipati.

Kilichobaki cha kujifunza kuhusu bahari kinatoka kwa masikini, wala si kwa tajiri. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa karibu sana na kitovu cha tetemeko la tarehe 26 Disemba 2004, lililoua watu wapatao 230,000 kuizunguka Bahari ya Hindi na kufika hadi pwani ya Tanzania, ambako wapo waliokuwa wakioga baharini wakapoteza maisha. Katika watu zaidi ya 70,000 wa Simeulue walikufa saba tu. Hawakuwa na king'ora wala simu. Walikuwa na masimulizi na nyimbo za kulaza watoto zilizotoka kwenye mkasa wa mwaka 1907, zikiwaambia kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikajitoa, mtu aache kila kitu akimbilie mlimani. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapokea taarifa za tahadhari ya tsunami za Bahari ya Hindi, na hilo ni jema. Lakini tetemeko likitokea karibu, hakuna taarifa itakayomtangulia mtu aliye Nungwi, Jambiani au Msuka. Elimu ya Simeulue haina bei, na watu wanaopishana na maji kupwa na maji kujaa kila siku wanaweza kuipokea kuliko wengine wote.

Baada ya vumbi kutua

Katika kujenga upya, fedha huonekana zaidi kuliko pale mwanzo. Hasara ya Haiti ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 7.8, zaidi ya pato lote la nchi kwa mwaka. Hasara ya Japani ya 2011 ilikuwa ya kutisha kwa tarakimu, lakini ilikuwa asilimia chache tu ya pato lake. Chile ilitoa ruzuku za nyumba zaidi ya laki mbili, na katika miaka minne sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imekwisha. New Zealand ilikuwa na bima iliyobeba sehemu kubwa ya hasara, ingawa huko nako familia nyingi zilivutana na kampuni za bima kwa miaka. Haiti ilipokea ahadi za mabilioni katika mkutano wa New York wa Machi 2010, na mezani zilikaa kwa muda mrefu. Miaka kadhaa baadaye watu walikuwa bado kwenye mahema, na kabla ya mwaka ule kumalizika kipindupindu, kilicholetwa na askari wa kulinda amani, kilikuwa kimeanza kuua. Pamoja na uzito wa fedha, kilichokwamisha sana ujenzi ni ardhi: haikujulikana kiwanja ni cha nani. Wazanzibari wengi tunaishi kwenye nyumba za urithi ambazo karatasi zake zina jina la babu, au hazipo kabisa. Anayetaka kujiandaa kwa gharama ndogo kuliko zote aanze kwa kukaa na ndugu zake na kulimaliza suala la hati.

Nepal ndiyo nchi masikini ambayo ningeitazama zaidi. Tetemeko la 7.8 la tarehe 25 Aprili 2015 liliua karibu watu 9,000 na kubomoa nyumba zaidi ya nusu milioni. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo skuli za huko zimefungwa, na hiyo ni rehema, kwa sababu maelfu ya madarasa yalianguka. Skuli zilizokuwa zimeimarishwa kabla katika bonde la Kathmandu zilisimama. Serikali iliamua kumpa kila mwenye nyumba iliyobomoka rupia 300,000, lakini kwa awamu tatu: 50,000 za kuanzia, 150,000 msingi ukishakaguliwa, na 100,000 za mwisho kuta zikishafikia hatua yake na kukaguliwa tena. Mafundi wa vijijini walifundishwa namna ya kuzifunga kuta kwa mikanda ya usawa. Mpango ulianza kwa kuchelewa, na fedha hazikutosha, hivyo masikini wa mwisho walikopa kwa riba kubwa. Pamoja na hayo, mkaguzi alifika kwenye msingi wa mwanakijiji, jambo ambalo katika ujenzi wetu wa kawaida wa Unguja hutokea kwa nadra.

Tanzania nayo ina kipimo chake. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 hivi na kuharibu maelfu ya nyumba. Michango iliyokusanywa ilielekezwa zaidi kwenye majengo ya umma, ikiwemo Skuli ya Sekondari ya Ihungo iliyojengwa upya, na wenye nyumba wakaachiwa wajitegemee. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo au kuutetea, lakini mwenye nyumba wa Zanzibar hana sababu ya kupanga maisha yake kwa kutarajia kinyume chake.

Uchaguzi wenyewe

Kwa Serikali na mabaraza ya miji, naona dhima ya miaka 10 ya Chile inafaa kuigwa kabla ya kifaa chochote cha Japani, na kosa la kuepukwa kwa nguvu zote ni msamaha wa aina ya Uturuki. Kwa taasisi, njia ya Nepal ya kuanza na skuli na vituo vya afya ndiyo iliyo na faida kubwa kwa kila shilingi. Kwa mtu binafsi mwenye fedha ya kiasi, ningemshauri apunguze ukubwa wa nyumba kwa chumba kimoja na fedha hiyo aiweke kwenye lenta, yaani ule mkanda wa zege unaoizunguka nyumba yote juu ya milango bila ya kukatika, pamoja na nguzo za pembeni zilizofungwa nayo. Nyumba ya chini iliyofungwa hivyo ni salama kuliko ghorofa lililosimamishwa kwa haraka.

Mji Mkongwe unahitaji hukumu yake peke yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene na nzito, zikiwa zimebeba boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimeoza katika nyumba nyingi. Sehemu ya Beit el-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili bila ya ardhi kutikisika hata kidogo. Kanuni za zege hazizifai kuta hizi. Kuzimwagia saruji huzifungia unyevu ndani na kuziharibu zaidi. Italia, ambayo ina miji ya aina hii, huzifunga kuta zinazotazamana kwa vyuma virefu vinavyopita ndani ya sakafu na kukazwa kwa nje, kazi ambayo inawezekana kufanywa nyumba kwa nyumba. Na pale ambapo hata hiyo imeshindikana, Christchurch imeonyesha pa kuanzia: karibu watu 40 waliuawa na matofali ya majengo ya zamani, wengi wao wakiwa barabarani au ndani ya mabasi, kwa kuangukiwa na kingo za mapaa na kuta za mbele. Vichochoro vyetu ni vyembamba kuliko barabara za huko, na mabaraza yamejengwa chini kabisa ya kuta hizohizo. Kwa hivyo mwenye nyumba ya Mji Mkongwe asiye na fedha ya kutengeneza nyumba nzima aanzie juu, kwenye ukingo wa paa na roshani, avifunge au avishushe kwa idhini ya mamlaka ya hifadhi, kabla ya kupaka rangi mlango.